Kompresa haijazimwa, upepo unaenda wapi?

Nenda kiwandani usiku wa siku ya mapumziko, mashine zimezimwa ila kompresa, ile inayoshindilia hewa kwenye mabomba, imeachwa ikiwaka. Simama katikati ya ukumbi, nyamaza, sikiliza. Sauti nyembamba za "sss" utazisikia zikitoka juu kwenye mabomba, nyuma ya kabati za valvu, chini ya meza za kufungashia. Kila sauti ni umeme uliokwisha kulipiwa.

Kati ya njia zote za kupeleka nguvu kwenye mashine, upepo, yaani hewa iliyoshindiliwa, ndio ghali zaidi. Katika kila uniti 10 zinazoingia kwenye kompresa, kazi inayofika mwisho kwenye silinda au bunduki ya upepo ni ya uniti 1, ikizidi sana 1 na nusu. Sehemu kubwa ya zilizobaki hugeuka joto hapohapo kwenye chumba cha kompresa. Shida ni kwamba upepo ukivuja hauchafui sakafu kama mafuta wala hauunguzi mtu kama mvuke, basi hakuna anayeharakisha kuuziba.

Kabla ya kununua chochote, pima. Kwa kompresa inayobeba mzigo (inashindilia upepo) na kuuachia (inazunguka bure), unachohitaji ni saa ya mkononi tu. Acha kompresa moja iwake, uzalishaji umesimama, lakini koki za kuingizia upepo kwenye mashine ziwe wazi. Ukizifunga utakuwa umepima mabomba peke yake, na uvujaji mwingi umo ndani ya mashine. Hesabu sekunde ambazo kompresa inabeba mzigo na sekunde ambazo inazunguka bure, rudia mara nane au kumi, chukua wastani. Muda wa kubeba ugawe kwa jumla ya muda wote, zidisha kwa 100. Kompresa inayotoa mita za ujazo 12 kwa dakika, ikibeba kwa sekunde 90 na kuachia kwa sekunde 210, inavujisha asilimia 30, yaani mita za ujazo 3.6 kila dakika, na hakuna bidhaa hata moja iliyotengenezwa. Kiwanda kinachotunzwa vizuri hukaa kati ya asilimia 5 na 10. Kilichosahauliwa, 30 ni kawaida.

Kama kompresa yako ni ya kubadilisha kasi, ile ambayo mota yake huzunguka haraka au polepole kufuata mahitaji ya upepo, hesabu hiyo haifai kwa sababu haipandi na kushuka kwa vipindi. Tumia tenki. Jaza mfumo, zima kompresa, pima dakika ambazo presha inachukua kushuka kwa bar 1. Mfumo wenye ujazo wa mita za ujazo 4, tenki na mabomba pamoja, ukishuka kutoka bar 7 hadi 6 ndani ya dakika 2, unapoteza takriban mita za ujazo 2 za hewa ya kawaida kwa dakika. Na ukiwa na kikaushio cha hewa kisicho na hita, kile cha minara miwili yenye vidonge vya kunyonya unyevu, kumbuka chenyewe hupuliza nje karibu asilimia 15 ya uwezo wake ili kujikausha. Hayo si matundu, ingawa ni upepo uleule na bili ni ileile. Kitoe kwenye hesabu ya uvujaji, halafu jiulize kama kweli kazi yako inahitaji hewa kavu kiasi hicho.

Wengi huanza kutafuta matundu kwenye bomba kuu kwa sababu linaonekana. Huko hupati kitu kikubwa. Upepo hupotea kwenye mita tatu za mwisho: viunganishi vya kuchomeka na kuchomoa, mipira ya kupitishia upepo iliyokauka, vikombe vya filta vilivyopasuka, sili za fimbo ya silinda, na koki za kutolea maji ambazo mtu aliziacha wazi kidogo "ili maji yasijae". Tundu la milimita 3 kwenye presha ya bar 7 hula takriban kilowati 3 hadi 4 mfululizo. Kompresa isiyozimwa mwaka mzima itakula hapo zaidi ya uniti 26,000, kwa tundu lisilofikia unene wa penseli.

Angalia kwa karibu kiunganishi cha kusukuma, kile cha plastiki ambacho mpira mwembamba unaingizwa kwa kidole. Kikivuja, mara nyingi hakina kosa. Aliyekata mpira alitumia koleo, ncha ikatoka ya mshazari na yenye makunyanzi, ikakwaruza oringi, ile pete ya mpira inayozuia uvujaji, ilipokuwa inaingia. Kubadilisha kiunganishi bila kukata upya ncha ni kuhamisha kosa kwenye kiunganishi kipya. Kata mpira kwa kisu maalumu, ncha iwe mraba, sukuma mpaka ugote, kisha vuta nyuma kidogo ili meno yashike. Kwenye viunganishi vya chuma vya kukaza kwa nyuzi, tepu ya tefloni izungushwe kufuata upande wa kukazia, na uzi wa kwanza uachwe wazi. Tepu ikifunika mpaka ukingoni, vipande vyake hukatika, husafiri na upepo na kukwama ndani ya valvu. Wiki mbili baadaye silinda inakuwa nzito na hakuna anayekumbuka tepu.

Maji ya sabuni yanatosha kwa tundu unalolifikia. Kiwanda kikiwa na kelele au mabomba yakiwa juu, kifaa cha kunasa sauti za juu zisizosikika kwa sikio, za karibu kilohezi 40, hukuwezesha kutafuta mchana uzalishaji ukiendelea. Kila tundu lipewe leba yenye namba na tarehe, na liandikwe daftarini na makadirio ya ukubwa. Anza na makubwa. Fundi anayeziba vitundu vidogo 40 kwa sababu viko usawa wa kifua, huku mpira mmoja unapuliza juu ya kreni, amefanya kazi nyingi na kuokoa kidogo.

Hapa ndipo miradi mingi hufia: matundu yamezibwa, mwezi umeisha, bili imeshuka kidogo tu. Meneja anasema kazi haina maana. Tatizo liko kwenye kompresa yenyewe. Kompresa ya skrubu ikiachia mzigo bado inakula robo hadi theluthi ya umeme wake, bila kutoa upepo. Chukua mashine inayokula kilowati 75 ikibeba na 22 ikizunguka bure. Ikibeba kwa asilimia 90 ya muda, wastani ni karibu kilowati 70. Ziba matundu mpaka ibebe kwa asilimia 70, wastani unakuwa kama 59. Matumizi ya upepo yamepungua kwa asilimia 22, umeme umepungua kwa 15 tu. Na hiyo ni hesabu ya ukarimu, kwa sababu kompresa haiangukii kilowati 22 papo hapo. Inachukua nusu dakika au zaidi kuachia presha ya tenki lake la mafuta, na kama tenki la upepo ni dogo, inaitwa kubeba tena kabla haijapumzika.

Kwa hiyo kuziba kuende pamoja na kurekebisha kompresa. Zikiwa mbili na zote zinabeba nusu nusu, moja izimwe kabisa. Kipima muda cha kuzima baada ya kuzunguka bure kiwekwe kifupi kadiri idadi ya kuwashwa kwa saa anayoruhusu mtengenezaji wa mota inavyokubali. Kuhusu tenki, kanuni ya zamani ya lita 130 hivi kwa kila mita ya ujazo inayotolewa kwa dakika ni ndogo mno kwa kompresa ya aina hii. Mara tano ya hapo ndipo inapoanza kupumua. Kwa mashine yetu ya mita za ujazo 12 kwa dakika hiyo ni kama lita 8,000. Tenki ni chuma tupu, halina programu wala kadi ya umeme ya kuungua, nami ningelinunua kabla ya kompresa mpya. Kompresa ya kubadilisha kasi ni nzuri, ila iwe moja, ya kufuata mabadiliko. Ukiifanya ibebe mzigo kamili saa zote, inakula zaidi kidogo kuliko ya kawaida kwa sababu ya hasara ya kibadilishi chake.

Baada ya hapo shusha presha. Kila bar 1 unayoshusha, kwa mfumo wa bar 7 hivi, huokoa asilimia 6 hadi 7 ya umeme wa kompresa. Na matundu yaliyobaki nayo yanavuja pungufu: kutoka bar 7 hadi 6 ya geji (geji haihesabu bar 1 ya hewa ya kawaida), uvujaji unapungua kwa sehemu moja kati ya nane. Ukiziba bila kushusha, kinyume hutokea, presha inapanda na vitundu ulivyoviacha vinavuja zaidi.

Utaambiwa haiwezekani, kuna mashine moja inalalamika ikishuka chini ya 7. Usibishane, chukua geji mbili. Moja weka kwenye bomba kuu, nyingine kwenye mlango wa silinda, baada ya filta na regyuleta, kifaa cha kurekebisha presha. Tazama silinda ikiwa inakwenda, maana ikiwa imetulia geji zote mbili zitakudanganya kwamba mambo ni sawa. Ukiona 7 huku na 4.5 kule wakati wa mwendo, mashine haina njaa ya presha, ina koo jembamba: filta iliyoziba, au mpira wa milimita 6 palipotakiwa wa 10. Kipenyo kikipungua nusu, presha inayopotea kwa mtiririko uleule huongezeka karibu mara 30. Kiwanda kizima kimekuwa kikiendeshwa kwa bar ya ziada ili kusukuma upepo kupitia mpira mmoja. Rekebisha hapo, kisha shusha kwa bar 0.2 kila baada ya siku chache, ukiwasikiliza waendeshaji wa zamu zote, ya usiku pia.

Matumizi mabaya ni habari nyingine. Bomba lililobanwa ncha kwa nyundo kupulizia vumbi, upepo wa kukoroga tangi, upepo wa kupoza kabati la umeme. Kupuliza kwa mfululizo kufanywe na feni ya presha ndogo. Pasipowezekana, weka pua inayovuta hewa ya pembeni, na valvu inayofunguka tu kipande kinapopita.

Chumba cha kompresa nacho kisisahaulike. Hewa inayonyonywa ikiwa na joto zaidi kwa nyuzi 4, matumizi hupanda kwa karibu asilimia 1, hivyo mdomo wa kunyonya uelekezwe nje, kivulini, mbali na mahali joto la kupozea linapotokea. Joto lenyewe lina kazi: kukausha vifungashio, au kupasha maji ya kuoshea kwa kupitisha mafuta ya kompresa kwenye kibadilisha joto. Kosa la kawaida ni kufunga bomba refu la kutolea hewa moto na kuliachia feni ndogo ya kompresa ilisukume. Feni hiyo haikuundwa kwa upinzani huo. Mafuta yanapanda joto, kompresa inajizima katikati ya zamu, na mtu anaishia kufungua milango ya kabati lake ili ipoe, hewa ya kupozea ikapita pembeni bila kugusa kipozeo. Bomba likiwa refu au lenye kona nyingi, liwekewe feni yake, na mlango wa kugeuza hewa ielekee nje ule msimu ambao joto halihitajiki.