Utumbo haungoji amri ya kichwani

Kidato cha sita tunafundisha homoni kana kwamba kila amri hushuka kutoka kichwani. Pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, inasema, mwili unatii. Nafundisha hivyo kwa sababu ndivyo mtihani unavyouliza, lakini silabasi ikiisha natoa chupa ya nzi wa ndizi.

Hawana gharama: ndizi iliyoiva kupita kiasi, chupa ya jemu, pamba mdomoni. Ukitia rangi ya keki ya buluu kwenye ndizi, tumbo la nzi linageuka buluu mbele ya macho ya darasa. Kuutoa utumbo kunataka pini mbili, tone la maji ya chumvi na mkono usiotetemeka. Unabana kifua, unavuta ncha ya nyuma polepole, na uzi uliojikunja unatoka, mrefu kuliko nzi mwenyewe.

Nzi akitoka tu kwenye pupa, utumbo wake ni mdogo. Akianza kula, unakua kwa kasi. Mwaka 2011 Lucy O'Brien, David Bilder na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kinachouchochea: misuli iliyouzunguka. Chakula kikiingia, misuli hiyo inatengeneza insulini yake, dILP3, na seli shina zilizo jirani, yaani seli zinazozaa seli mpya za utumbo, zinaanza kugawanyika. Tena zinabadili hata namna ya kugawanyika. Kwa kawaida moja hubaki shina na nyingine hukomaa. Wakati wa neema, shina moja huzaa mashina mawili, hivyo akiba yenyewe inaongezeka. Nzi akinyimwa chakula utumbo unasinyaa, akirudishiwa unanenepa upya. Hapo ndipo wanafunzi huacha kuchungulia simu.

Safari hii binti mmoja wa nyuma akauliza: "Mwalimu, na mgonjwa anayelishwa kwa dripu tu je?" Swali zuri kuliko yote ya mtihani wa moko. Panya wanaolishwa kwa mshipa peke yake hukonda utando wa utumbo, ingawa damu yao imejaa virutubisho. Wakiongezewa GLP-2, kukonda huko kunapungua. Homoni hiyo hutolewa na seli za utumbo wenyewe baada ya mlo, na sehemu ya kazi yake hupitia seli zilizo chini ya utando, ambazo hutoa IGF-1, ndugu wa insulini. Dawa inayoiga GLP-2, teduglutide, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa watu waliobakiwa na utumbo mfupi baada ya upasuaji, na baadhi yao wamepunguza dripu, wengine wakaachana nayo kabisa.