Shule ikifungwa, dai huduma, si kazi ya nyumbani

Shule zote za Kenya zilifungwa Machi 2020. Madarasa machache yalirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo, na wengine wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Katika muda huo "kusoma ukiwa nyumbani" kulimaanisha vipindi vya redio, vya televisheni, na picha za kurasa za vitabu kwenye WhatsApp. Redio ina faida gani kwa mtoto kiziwi? Na picha ya ukurasa, kwa asiyeona?

Wala hayo si mambo ya corona peke yake. Mei 2024 muhula wa pili ulicheleweshwa nchi nzima kwa sababu ya mafuriko. Huku kwetu Lamu, wadi ya Basuba ina shule zilizokaa miaka zikiwa zimefungwa kwa ajili ya usalama. Kwa hivyo mzazi mwenye mtoto katika kitengo maalum, yaani darasa la watoto wenye ulemavu, ajitayarishe kabla, na ajue cha kudai. Wazazi wengi humwambia mwalimu, "Tutumie kazi." Kazi mtatumiwa, tena nyingi. Lakini mtoto huyu hakupelekwa kitengo maalum ili apewe kazi. Alipelekwa kwa ajili ya mwalimu wa lugha ya ishara, mazoezi ya viungo, kiti kinachomfaa, au mtu wa kumfunza kula na kuvaa mwenyewe. Hizo ndizo huduma, na hizo ndizo za kuulizia, moja moja, kwa jina.

Tuanze na karatasi, maana hapa ndipo wengi hukwama. Karatasi ni mbili, na haziwezi kushika nafasi ya mwenzake. Ya kwanza ni ripoti ya kituo cha tathmini ya elimu, EARC, chini ya Wizara ya Elimu. Inaeleza mtoto anajifunza vipi na anahitaji msaada gani darasani. Ya pili ni ya tathmini ya ulemavu inayofanywa na hospitali ya serikali, na ndiyo inayompatia mtoto kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Shule huitaka ile ya kwanza. Ukitaka kuomba kiti cha magurudumu, kifaa cha kusikia au msaada wa karo kwa Baraza, unaitishwa ya pili. Mzazi akiwa na kadi peke yake hufikiri amemaliza, kumbe mwalimu hana chochote cha kupangia masomo. Piga nakala ya zote mbili, uzipige picha pia, na uzihifadhi mahali tofauti na nakala halisi.

Ukishapata ripoti, mwombe mwalimu nakala ya mpango binafsi wa elimu wa mtoto, ule walimu wanaouita IEP. Ni haki yako kuuona, kwani unapaswa kushiriki kuuandika. Kisha uombe ugeuzwe uwe mpango wa nyumbani. Kwa kila lengo pawe na majibu manne: nani atafanya, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na kwa njia gani. "Aimarishe stadi za kujitegemea" halina maana nyumbani. "Afunge vifungo 3 vya kanzu bila kusaidiwa, mara 4 kati ya 5" lina maana, kwa sababu hata shangazi anayemkalia mtoto mchana anaweza kulifuata. Malengo yasizidi matatu. Nyumba yenye watoto wengine wanne, madrasa na soko haiwezi malengo kumi, na mpango mkubwa hufa wiki ya pili.

Ombi lenyewe liandikwe, hata kwa simu ya kabambe. Ujumbe mfupi unatosha, mradi una tarehe na jambo mahsusi: "Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mama yake Fulani wa kitengo maalum. Shule imefungwa tangu Jumatatu. Naomba mambo matatu: mpango wake wa nyumbani, simu ya dakika 15 mara mbili kwa wiki ili unielekeze, na ruhusa ya kuazima mashine yake ya breli. Naomba jibu kufikia Ijumaa. Shukran." Ukipiga simu, tuma ujumbe baadaye wa kukumbushana mlichokubaliana. Maneno ya simu hayana ushahidi.

Sasa vifaa. Mashine ya breli, ya kuandikia maandishi ya nukta ya wasioona, ina uzito wa karibu kilo 5 na bei yake ni kubwa, ndiyo maana walimu wakuu husita kuitoa. Jitolee kusaini katika daftari la vifaa, na uandike namba iliyo kwenye mashine. Ikifika nyumbani, hasa nyumba za ufuoni, ifunike kwa kitambaa na kuipangusa kila jioni, kwani hewa ya chumvi hula chuma. Mashine ikikosekana, kibao na kalamu ya breli hufanya kazi ile ile kwa bei ndogo sana, ila mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta zinatobolewa kwa nyuma. Karatasi ya daftari la kawaida haishiki nukta. Tafuta nzito, hata kalenda kuukuu ya ukutani. Na karatasi zilizoandikwa zisimamishwe wima, zisirundikwe chini ya vitabu, la sivyo nukta zitabonyea.

Vifaa vya kusikia huharibika zaidi kwa unyevu na kwa kukosa betri. Rangi ya kibandiko kilicho juu ya betri ndiyo saizi: manjano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, buluu ni 675. Ukishabandua, betri imeanza kazi na haizimiki hata ukikirudisha kibandiko. Iache ivute hewa kama dakika moja kabla ya kuifungia ndani. Tuseme betri moja hukaa siku 10. Kwa masikio mawili na muhula wa siku 90, unahitaji 18, yaani pakiti 3 za betri 6. Zinunue mapema, kwa sababu barabara ya Garsen ikikatwa na maji ya Tana, mzigo wa Mombasa haufiki. Usiku fungua kijumba cha betri na ukiweke kifaa ndani ya mkebe wenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), huduma kubwa ni ukaaji. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vyote viwe katika pembe mraba, na nyayo zikanyage kitu, hata kama ni kibao juu ya matofali. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali anaweza kukuelekeza kwa video, lakini video nyingi anazotumiwa hazimsaidii, kwa kuwa mzazi husimama mbele na juu. Inama ufikie usawa wa mtoto, mpige video kutoka ubavuni, mwili mzima uonekane, nusu dakika basi. Mtumie mtaalamu binafsi, kamwe usiiweke kwenye grupu la darasa, sembuse video ya mtoto akivuliwa nguo. Na mtoto asinyooshwe kwa nguvu: akilia kwa uchungu, acha, uulize kwanza.

Mtoto mwenye usonji mara nyingi huchokozwa na kuvurugika kwa ratiba kuliko na masomo yenyewe. Picha nne ukutani, chai, kazi, kucheza, kuoga, zikifuatana vile vile kila siku, zitafanya mengi kuliko kompyuta. Vipindi vya dakika 10 vinatosha.

Visiwani kuna shida ambayo ofisi za bara haziijui. Ukifanikiwa kuahidiwa ziara ya mwalimu au mtaalamu kuja Pate, Siyu au Faza, huandikwa "kila Jumanne saa tatu asubuhi". Haiwezekani. Maji ya bahari hujaa na kupwa yakichelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo baada ya wiki moja yamechelewa karibu saa 6: Jumanne hii yamejaa, Jumanne ijayo saa hiyo hiyo yamekupwa, na boti haipiti Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara. Omba kila baada ya siku 14, maji yatakuwa karibu pale pale. Miezi ya kusi, bahari ikichafuka, uwe na mpango wa simu pembeni.

Kuweka kumbukumbu ni kazi ya daftari la kurasa 32. Kila siku andika tarehe, lengo, na herufi moja kwa kila jaribio: P kama amefanya peke yake, N kwa kuambiwa neno, I kwa kuonyeshwa ishara, M kwa kushikwa mkono. P nne kati ya tano kwa siku tatu mfululizo, mwalimu akupe hatua inayofuata. Safu ya M kwa wiki mbili inaonyesha lengo ni kubwa mno, likatwe. Usimwonee haya mwalimu kwa herufi mbaya. Hizo ndizo anazozihitaji.

Ukinyamaziwa, panda ngazi kwa utaratibu: mwalimu mkuu, afisa wa EARC, mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha wa kaunti. Taja Kifungu cha 53 cha Katiba, kinachompa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54, kinachotaja lugha ya ishara na breli. Kuna njia nyingine watu hawaitumii: badala ya kuomba huduma peke yake, omba pia taarifa. Uliza kwa maandishi ni mpango gani uliowekwa kwa wanafunzi wenye ulemavu walio nyumbani, na nani anausimamia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Zikipita, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Uamuzi wa Bodi ya Elimu ya Kaunti nao unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Rufaa za Elimu, chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Mara nyingi hamtafika huko. Barua yenye muhuri wa "imepokelewa" hutosha kuamsha ofisi.

Shule ikifunguliwa, usimrudishe mtoto na begi tupu. Peleka daftari wiki ya kwanza, uombe tathmini mpya na mpango mpya unaoanzia alipo sasa, si alipokuwa kabla ya kufungwa. Kama yuko darasa la mtihani, hakikisha shule imemsajili kwa Baraza la Mitihani, KNEC, kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalum, kwani bila hivyo hapati zile dakika 30 za ziada wala karatasi ya breli au ya maandishi makubwa. Usajili huo una tarehe ya mwisho, na ripoti ya EARC ndiyo itakayoitishwa.