Sanchin Gizani

Mwaka 2017 nilikuwa na kamera moja, flashi moja, stendi moja, mwavuli mmoja mweupe, na majigambo yaliyozidi vyote hivyo. Kazi zangu zilikuwa sendofu, kipaimara, na mahafali ya chekechea. Julai ya mwaka huo bwana harusi mmoja niliyempigia picha akaniunganisha na Sensei wake, mzee anayefundisha karate ya Goju-ryu jioni katika ukumbi wa shule moja Upanga. Walitaka kalenda ya kuuza, wachangishe nauli ya mashindano. Wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja na mwezi wake. Tukakubaliana shilingi 150,000, hamsini mkononi.

"Sitaki picha za kutabasamu," aliniambia kwenye simu. "Nataka zile za giza, mtu anatokea nusu uso."

"Hamna shida, Sensei."

Hilo "hamna shida" limeniponza kuliko deni lolote nililowahi kukopa. Ukweli ni kwamba sikuwahi kupiga picha ya namna hiyo hata moja. Nilikuwa nimeziangalia nyingi kwenye simu, nikadhani kuangalia ni sawa na kujua.

Asubuhi nikapita Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, nikakatiwa mita nne za mahameli nyeusi ziwe pazia la nyuma. Saa tisa alasiri nikapanda mwendokasi Manzese, begi mgongoni, stendi kwapani, mama mmoja akaniuliza kama ninakwenda kuvua. Mfuko wa mchanga wa kukandamizia miguu ya stendi niliuacha nyumbani makusudi. Kilo tano za mchanga kwenye mwendokasi, umesimama, nani abebe? Nikashuka Fire, nikachukua bajaji.

Ukumbi ulikuwa mzuri kwa kila kitu isipokuwa nilichokwenda kufanya. Madirisha makubwa pande mbili, kuta za rangi ya krimu, taa za tyubu juu zinazomfanya kila mtu aonekane ana homa. Mbele walikuwa wametundika picha ya Miyagi Chojun, Mokinawa aliyeanzisha Goju-ryu, ndani ya fremu ya kioo. Huitundika kabla ya mazoezi, huinamia, na wakimaliza Sensei huifunga kwenye taulo akaondoka nayo.

"Shikamoo, Sensei."

"Marahaba. Viatu nje."

Nikaanza na flashi juu ya kamera, kupasha mkono tu. Vijana wakasimama mmoja mmoja, ngumi mbele. Sensei akaja kuchungulia kwenye skrini. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hawa ni wanafunzi wangu," akasema taratibu, "au wamekamatwa?"

Alikuwa sahihi. Flashi ikikaa juu ya lenzi inampiga mtu usoni kama tochi ya mgambo. Pua inapotea, mashavu yanalala, na kivuli chenye ncha kinabandikwa ukutani nyuma ya sikio. Juu ya yote, kwenye kila picha nyuma yao kulikuwa na nyota nyeupe inayowaka kifuani mwa Miyagi, kwa sababu ya kile kioo.

Halafu kulikuwa na zile gi. Gi, sare ya karate, ni nyeupe pee, na vijana wengi pale walikuwa weusi wa kung'aa. Flashi niliiacha ijipimie yenyewe. Ikiona weupe mwingi inapunguza nguvu, na uso unakuwa shimo lenye macho mawili. Nikiilazimisha kuongeza, uso unatokea lakini gi inaungua, mikunjo yote inafutika, mtu anaonekana amevaa karatasi. Nimepiga maharusi wangapi nikiwapa wake zao nyuso za masizi ili shela lisiungue? Sijui. Ngozi yetu haidai mwanga mwingi kutoka mbele. Inadai mwanga unaotoka ubavuni, upite juu ya shavu na kuacha mstari wa mng'ao pale mfupa ulipo.

Nikaishusha flashi. Nikaifunga kwenye stendi, kushoto kwa mtu, juu kidogo ya kichwa, ikitazama ndani ya mwavuli, mita moja hivi kutoka usoni. Chini ya mwavuli nikabandika kipande cha boksi ili mwanga usimwagike wote kwenye gi. Kamera na flashi zikawa zinaongea kwa triga, vile vidude viwili vya redio, kimoja juu ya kamera na kingine chini ya flashi. Nikaweka spidi ya shata, mlango wa kamera, 1/200 ya sekunde, apecha, tundu la lenzi, f/8, na ISO, wepesi wa sensa kwa mwanga, 100, nikapiga moja bila flashi kuhakikisha ukumbi umezimika. Picha ikatoka nyeusi tii.

"Kaka, imekufa hiyo," kijana mmoja akaninong'oneza.

Haikufa. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka: mchana wote umetoka nje ya picha, umebaki mwanga wangu peke yake. Na ukuta wa krimu, mita nne kutoka kwenye mwavuli, ukanywea. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Kinachofika mita nne ni sehemu moja ya kumi na sita ya kinachofika mita moja. Mahameli yangu ikabaki imekunjwa kwenye begi, shilingi zangu zimelala. Sensei akauliza mwavuli ni wa nini, nikamwambia unaulainisha mwanga, flashi tupu inatoa mwanga mgumu. Akacheka mara ya kwanza siku ile. "Goju hiyo. Go ni ngumu, ju ni laini."

Mambo yakaanza kunyooka, nami nikaanza kujiona. Akaja binti wa mkanda wa kahawia, akataka apigwe akirusha mae-geri, teke la mbele. Nikafikiri, teke ni la kasi, basi na shata iwe ya kasi, nikazungusha hadi 1/500. Nimeishika kamera wima. Akapiga ukelele, mguu ukapaa, flashi ikawaka. Kwenye skrini binti yupo, uso mkali, ngumi kifuani, paja limenyanyuka, na kuanzia gotini hakuna kitu. Upande mzima wa picha ni mweusi kama umekatwa kwa panga.

"Mguu wake umeupeleka wapi?" akauliza Sensei.

Shata ya kamera kama yangu ina mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Kwa 1/200 kuna kitambo ambacho yote mawili yapo pembeni na sensa nzima iko wazi, na hapo ndipo flashi inawaka. Ukipita hapo, la pili linaanza safari kabla la kwanza halijafika, flashi inawaka huku nusu ya mlango umeshafungwa. Na wala sikuhitaji kasi ya shata. Ukumbi kwenye picha ni giza, kwa hiyo kinachogandisha teke ni mwako wenyewe, na flashi ndogo ikiwekwa robo ya nguvu huwaka muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nikarudisha 1/200. Binti akarudia. Safari hii mguu ulifika wote, hadi vidole vilivyokunjwa nyuma na vumbi lililoruka kwenye pindo la suruali. Huyo akapewa mwezi wa Machi.

Vijana walikuwa na moto siku zile. Mwaka uliotangulia karate ilikuwa imepitishwa kuingia Olimpiki ya Tokyo 2020, na kila aliyekaa kwenye zamu alikuwa akihesabu umri atakaokuwa nao. (Ilichezwa kweli, mwaka 2021 kwa ajili ya korona, na Paris 2024 karate haikuwemo tena.)

Nilikuwa nimemaliza saba. Watano wamebaki, akiwemo Sempai, mwanafunzi mkubwa wa mkanda mweusi, ambaye picha yake ndiyo ingekaa jalada. Mtu akafungua dirisha la upande wa pili kwa sababu ya joto. Kusi la Julai halibishi hodi. Mwavuli ukashika upepo kama tanga, stendi ikanyanyua mguu mmoja, nikaona kabisa inakwenda na mimi nipo hatua nne mbali na kamera mkononi. Flashi ilianguka juu ya zulia la mazoezi, ikapona. Kipokezi cha triga kilianguka chini ya flashi. Kikavunjika shingo, betri moja ikabingirika hadi miguuni kwa Sensei. Mwavuli mbavu tatu nje. Kilo tano za mchanga zilikuwa Manzese, nyuma ya mlango, zimetulia.

Adhana ya magharibi ikasikika. Nusu ya darasa wakaenda kuswali. Mimi nikabaki nimechuchumaa na bisibisi ndogo ya miwani, najifanya ninatengeneza. Waliporudi, kabla hawajakaa sawa, umeme ukakatika, mtaa mzima.

Nikatoka barazani nikampigia Mjomba. Alikuwa na studio Temeke enzi za filamu, amestaafu, ila ujuzi wake haujastaafu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona unapumua hivyo, umekimbizwa?"

"Triga imevunjika. Flashi haiwezi kuongea na kamera. Na umeme nao umekatika."

"Giza totoro?"

"Totoro."

"Sasa unalia nini? Fungua shata uiache wazi. Chukua flashi mkononi, nenda ulipo mwanga unautaka, bonyeza kitufe chake cha kujaribia. Rudi ufunge. Sisi triga tuliiona wapi?"

Akakata. Mjomba hapotezi vocha.

Nikarudi ndani nimeshika ukuta. Kwenye giza kamera inaweza kukaa wazi sekunde kumi isione kitu, inasubiri tu. Nikaipachika kamera kwenye stendi ya flashi kwa adapta niliyokuwa nayo, na safari hii watoto wawili wa mkanda mweupe wakakalia miguu yake. Nikambandikia Sempai alama za tepu sakafuni, wenzake wakamulika kwa tochi za simu, nikafokasi kwa mkono, tochi zikazimwa. Nikafungua shata, nikanyata nyuma ya Sempai, nikabonyeza. Nikarudi kufunga. Picha ya kwanza: Sempai amekaa vizuri kabisa, na karibu na mbavu zake kuna kichwa changu na fulana yangu nyeupe, kama jini aliyekuja kusalimia. Watoto walicheka hadi mmoja akainuka kwenye stendi. Nikavaa koti la traki la Sensei, jeusi, na lile boksi nikaifungia flashi ubavuni linikinge.

Ya pili, gorofa ya jirani wakawasha jenereta, mwanga wa manjano ukaingia dirishani. Hapo ndipo mahameli yangu ilipopata kazi. Warefu wawili waliishikilia dirishani, mikono juu, dakika zote zilizofuata.

Sempai akauliza afanye nini. Sensei akajibu badala yangu. "Sanchin."

Sanchin ni kata, mfuatano wa hatua na mapigo uliopangwa, tena ya polepole. Hakuna kuruka, hakuna kupigana na mtu. Ni hatua fupi za kuburuta mguu kwa mkunjo, ngumi inayotoka kama inasukuma ukuta, na pumzi. Aliivua gi akabaki na suruali, maana kwa desturi hufanywa kifua wazi mwalimu aone misuli. Sikuwa namwona. Nilimsikia. Pumzi inaingia puani kwa filimbi, inatoka mdomoni kama mtu anayeburuta gunia kwenye mchanga. Sensei alimzunguka gizani kwa mazoea, akampiga mabega kwa viganja kumjaribu kama amejikaza, pa, pa, na Sempai hakupoteza pumzi.

Nikafungua shata. Hatua ya kwanza, nyayo ikakwaruza, ngumi ikafika mwisho, nikabonyeza kutoka nyuma ya bega lake. Kwa kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulimwona, halafu akapotea. Flashi ikaanza ule mluzi wake mwembamba wa kujijaza, nikikodolea kataa kake kekundu. Kata ni ya polepole kuliko flashi yangu, namshukuru Mungu. Hatua ya pili, kataa kakawaka, nikabonyeza. Ya tatu. Nikarudi kufunga nikipapasa.

Vichwa kumi na moja vikabanana kwenye skrini. Kwenye weusi kulikuwa na Sempai watatu, ubavu kwa ubavu, mgongo wa mmoja umeingia kidogo kwenye kwapa la mwenzake. Hakuna mwavuli wa kulainisha chochote. Kila mmoja ana mstari wa mwanga uliokata kuanzia sikioni, ukapita begani juu ya jasho, ukashuka hadi kwenye mkanda uliochakaa, ule weusi umelika hadi nyuzi nyeupe za ndani zinaonekana. Sura ni nusu. Hakuna aliyesema kitu.

Sensei akatoa miwani ya kusomea mfukoni, akaomba nimkuzie. Nikakuza uso. Akatikisa kichwa, akaonyesha chini. Nikashuka na picha hadi miguuni.

"Hatua ya tatu," akasema. "Kisigino kimenyanyuka."

"Hai, Sensei," Sempai akaitika, ndiyo ya Kijapani.

"Rudia." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe."

Watoto wakakalia stendi, tochi zikazimwa bila mtu kuambiwa.