Soli ya Tairi

Kila fundi niliyempelekea buti zile pale Ngamiani, Tanga, alinipa jibu lilelile: gundi. Alizigeuza, akagonga soli kwa kidole, akaniambia nirudi jioni nitazikuta tayari. Nami nilizirudisha mfukoni, nikahamia barabara inayofuata, kwa kuwa mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, na mtu mwenye shida zake anaweza kuizunguka kutwa bila kupotea.

Ilikuwa masika ya mwaka 2006. Buti zenyewe ni Red Wing, chapa ya Marekani, za kufunga kamba, shingo ndefu, ngozi ya kahawia iliyokuwa imefifia na kukauka. Nilizitoa kwenye mnada wa mitumba, ambako muuzaji alikuwa akizinadi kama viatu vya mlinzi huku watu wakigombea raba nyeupe. Mimi nilichungulia ukingo wa soli nikaona mshono unazunguka kiatu kizima. Halafu nikaona kitu kingine. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimechubuka juu, pale kidole gumba kinapokaa, doa jeusi lililolika hadi ngozi ya ndani. Cha kulia hakikuwa na doa lolote mahali hapo. Anayeendesha pikipiki ataelewa mara moja: gia iko mguu wa kushoto, na kila unapopandisha unaiinua kwa mgongo wa kiatu. Aliyezivaa kabla yangu, huko Marekani au popote alipokuwa, alikuwa mtu wa pikipiki. Sikuulizia bei mara mbili.

Mapenzi haya ya vitu vilivyoshonwa vikashoneka nimeyatoa kwa baba. Alikuwa fundi wa reli hapa Tanga, reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, na ovaroli yake ilikuwa nguo ya kwanza niliyoisoma kama mtu anavyosoma kitabu. Mfuko wa spana ulikuwa na kitambaa mara mbili. Goti lilikuwa na kiraka kabla halijachanika. Baadaye nilipokuja kujua kwamba Hamilton Carhartt alianza mwaka 1889 kule Detroit kwa kushonea nguo wafanyakazi wa reli, sikushangaa hata kidogo. Kazi ya reli inafundisha nguo inavyotakiwa kuwa. Hata zile njumu za shaba kwenye jinzi, ambazo leo mtu anaziona ni urembo, zilianza kwa fundi cherehani mmoja, Jacob Davis, aliyechoka kuona mifuko ya suruali za vibarua ikichanika pembeni. Akapigilia njumu. Mwaka 1873 yeye na Levi Strauss wakapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu huo.

Watu wa Tanga wananiuliza: joto lote hili, buti za nini? Naulizwa hadi leo, na jibu langu halijabadilika. Mwili wa mwendesha pikipiki una sehemu mbili zinazofika chini kabla ya nyingine, viganja na miguu. Nimeona visigino vilivyoingia kwenye spoki. Nimeona mashavu ya miguu yaliyoungua na bomba la moshi, kovu la mviringo ambalo nusu ya abiria wa mji huu wanalo. Kandambili ni kiatu kizuri sana cha kwendea bafuni. Ngozi nene, iliyovuka juu ya kifundo, inatia joto ndiyo, lakini jioni unaivua na mguu wako uko vilevile ulivyouingiza asubuhi.

Fundi niliyemtafuta nilimkuta kibarazani, karibu na mwisho wa mtaa, mzee mwenye kofia ya kufuma, mbele yake lundo la mikoba ya wanafunzi iliyokatika vishikio.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Una nini?”

Nikampa kiatu kimoja. Hakugonga soli. Alikikunja taratibu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ule ukanda mwembamba wa ngozi unaotokeza nje, kati ya ngozi ya juu na soli, akauzungusha mpaka mwisho.

“Nani kakwambia hiki cha kubandika?”

“Wote niliowauliza.”

“Basi hawajakitazama. Hiki kimeshonwa mara mbili. Huu mshono unaouona ndio wa pili. Wa kwanza umejificha ndani.”

Nilikaa. Akaniambia amewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha viatu Morogoro, na viatu vya namna hii aliviona kwa macho tu, vimeletwa kama sampuli. Ukanda ule ndio siri yote. Mshono wa kwanza unaushika ukanda pamoja na ngozi ya juu na ngozi ya ndani unayoikanyaga. Mshono wa pili unashika ukanda na soli peke yake. Soli ikiisha unakata mshono wa pili, unaitoa, unashona nyingine, na kiatu chenyewe hakijui kama kumetokea kitu. Kiatu cha gundi kikiisha soli, kimeisha chote.

Mashine ya kushona hivyo ina jina la Charles Goodyear mdogo, Mmarekani aliyeishughulikia miaka ya 1860 na 1870. Baba yake, mwenye jina hilohilo, ndiye aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupikwa unaacha kuyeyuka juani na kupasuka kwenye baridi. Kampuni ya matairi iliyokuja kuanzishwa mwaka 1898 ilichukua jina lake kwa heshima tu, wenyewe si wa ukoo huo. Baba mpira, mtoto mshono. Hilo nililijua tayari, na nilimweleza mzee pale kibarazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Walikuwa watu wa kazi,” akachukua kisu.

Kisu chake kilikuwa kimenolewa kwenye jiwe miaka mingi hadi kimebaki kama jani la muwa. Alikiingiza kati ya ukanda na soli, akakata nyuzi moja baada ya nyingine, bila kuugusa ukanda wenyewe. Soli ikaanguka kwenye mkeka. Ndani kulikuwa na tabaka la koki, lile gome wanalotengenezea vizibo, limebanwa miaka kwa miaka likachukua sura ya mguu. Bonde chini ya vidole, shimo la kidole gumba, na upande wa nje umelika zaidi. Mguu wa mtu nisiyemjua ulikuwa pale umeandikwa wote. Katikati ya wayo kulikuwa na kipande cha chuma chembamba chenye kutu kidogo. Mzee alikitoa, akakisugua kwa msasa, akanionyesha jinsi kinavyozuia kiatu kisijikunje. Hapo nilipata jibu la jambo ambalo wapanda pikipiki wanalijua kwa miguu: ukisimama kwenye vikanyagio njia ikiwa mbovu, uzito wako wote unakaa juu ya chuma kile. Kwenye raba unakaa juu ya mifupa yako.

Koki nzuri aliiacha. Palipobonyea alipajaza kwa unga wa ngozi alioukwangua kutoka kwenye mabaki yake, akauchanganya na gundi, akausawazisha kwa mgongo wa kijiko. Kisha akaingia ndani na kutoka na kipande cha tairi la lori.

“Hili la nailoni,” alisema. “Ya waya yanakula kisu, na waya siku moja utakuja kukuchoma.” Ndivyo wanavyochagua hata wanaotengeneza katambuga. Alichora wayo kwa chaki, akaanza kukata, na kila mara alichovya kisu kwenye kopo la maji, maana mpira mkavu unang'ang'ania chuma na mpira ulioloana unakiachia. Alipunguza unene upande wa ndani, vipande vikidondoka vyembamba, lakini meno ya tairi upande wa nje hakuyagusa. Akachimba mfereji mdogo kuzunguka ukingo ili uzi ulale humo usisuguane na ardhi.

Kushona ndiko kulikochukua muda. Uzi aliuburuza kwenye nta ya nyuki mara kadhaa hadi ukawa mweusi na mgumu. Kila sindano ilipoingia, iliingia kwenye tundu la zamani la ukanda. Nilimuuliza kwa nini asitoboe mapya, angemaliza upesi. Akasema ukanda ukitobolewa matundu mapya kati ya yale ya zamani unakuwa kama stempu, siku moja unachanika wote. Sijawahi kusikia maelezo ya kitaalamu yaliyo wazi kuliko hayo. Nilimwachia cha pili, nikavifuata kesho yake, na bei aliyotaja niliilipa bila kubishana. Kazi ile ilistahili zaidi.

Jumamosi nikaondoka kwenda Amani.

Pikipiki ilikuwa Honda XL 125, ya mjomba. Alikuwa bwana shamba kwa miaka mingi, na aliponiachia baada ya kustaafu alinipa sharti: kila masika niipandishe Amani kwake, aisikilize. Yeye alikuwa amehamia kwenye shamba lake la iliki na mdalasini. Ni mashine nyepesi, injini ya mipigo minne, kiki moja inawaka kama umeijulia kabureta yake, na haina kitu ambacho fundi mwenye spana chache hawezi kukifungua barabarani. Nilivaa koti langu la turubai, suruali ya jinzi nzito, na zile buti.

Lami mpaka Muheza haina cha kusimulia. Kutoka Muheza ndipo safari ilipoanza, zaidi ya kilomita 30 ambazo wakati huo zilikuwa za udongo, kwanza tambarare, kisha Sigi, mahali palipokuwa na stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani, na kutoka hapo ni kupanda ndani ya msitu hadi Amani, karibu mita 900 juu ya bahari. Mvua ilinikuta Sigi. Si mvua ya Tanga mjini inayopiga na kupita. Mvua ya Usambara ya Mashariki inakaa. Udongo mwekundu uligeuka uji, na magari yaliyotangulia yalikuwa yamechimba mifereji miwili ambayo tairi ya mbele ikiingia haitoki kwa hiari yake.

Nilisimama kwenye vikanyagio gia ya pili, mikono imelegea, nikaiacha Honda itafute njia. Kwenye kona moja kulikuwa na jabali lililolala kukatiza barabara, maji yanateleza juu yake, na kulia kuna korongo. Tairi ya nyuma ikahama. Nikashusha mguu wa kushoto, mguu wenye uzito wangu na uzito wa pikipiki, juu ya jiwe lile lenye maji. Meno ya tairi la lori yakashika. Nilisikia kabisa, mshiko ule unapita kwenye chuma cha wayo hadi gotini. Nikasukuma, nikaongeza mafuta kidogo, tukapita. Mbele nilivuka kijito kilichofika juu ya kifundo, na nilipofika kwa mjomba nikavua, soksi zilikuwa na jasho tu. Nta ya mzee ilikuwa imeziba kila tundu.

Mjomba alitoka na mwavuli. Hakunisalimia kwanza, aliinamia injini.

“Tapeti zinalia.”

“Kidogo, mjomba.”

“Hakuna kidogo. Kesho asubuhi tunazirekebisha ikiwa baridi.” Ndipo akanitazama, akateremsha macho hadi miguuni. “Hiyo si soli ya kiatu. Hiyo ni ya lori.”

Nikamweleza yote usiku ule, chai ya iliki mezani, buti zikikauka mbali na moto kwa amri yake, maana ngozi iliyoloana ikisogezwa motoni inapasuka. Alinipa mafuta ya nazi kidogo sana nizipake zikishakauka, na akaonya nisizidishe, ngozi ikilewa mafuta inalegea.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja kwa mzee, tope bado limegandamana kwenye meno ya soli. Nilitaka kumshukuru. Hakuwa na haja na shukrani, alitaka kiatu. Alipitisha ukucha palepale kwenye ukanda, akabonyeza kila upande, akaridhika na uzi. Kisha akakisimamisha cha kushoto na kuuliza doa lile la juu limetokana na nini. Nikamweleza habari ya gia.

“Mbona hukusema siku ile?” Akakata kipande cha ngozi laini, akakipunguza kingo hadi zikawa nyembamba kama karatasi ili kisikwaze, akakishona juu ya doa kwa sindano ndogo ndogo. Hakutaka malipo. Adhana ya laasiri ilikuwa karibu, akasema kama nataka kumlipa nimfikishe msikitini.

Nikamwambia aangalie bomba la moshi, liko kulia. Akakunja kanzu mpaka magotini, akapanda, akanishika bega. Njia nzima alikuwa ameinama upande wa kushoto, anatazama kiraka chake kinavyopokea gia, na kila nilipopandisha alisema, “Eeh, hapohapo.”