Mawazo Mengi na Jina la Ugonjwa
Shangazi yangu wa Moshi, alipokosa usingizi na hamu ya kula kwa miezi kadhaa, alisema tu kwamba ana mawazo mengi. Daktari akaandika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Jina hilo hutokana na kuhesabu dalili: mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, DSM-5, hutaka dalili 5 kati ya 9 ndani ya wiki 2, kwa hiyo wagonjwa wawili wenye jina moja huenda wakafanana kwa dalili moja tu. Mwaka huohuo Thomas Insel, wakati huo mkurugenzi wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, alitangaza kuwa utafiti wao utaondoka kwenye makundi ya magonjwa ya DSM. Mfumo wao wa utafiti, RDoC, hauanzii kwenye majina ya magonjwa bali kwenye hofu, kumbukumbu na usingizi wenyewe. Nauunga mkono, ingawa shangazi alihitaji jina ili apewe dawa.