Geti la Beyazıt

Mi nauza mitandio na mabaibui Kariakoo, na karibu mzigo wangu wote nautoa Istanbul, mtaa wa Laleli, ambako ukishuka tu kwenye tramu unasikia Kirusi, Kiarabu, na siku hizi Kiswahili cha wenzetu wa Dar na Nairobi wakivutana bei. Mara ya kwanza nimeenda mwanzoni mwa 2018, dola moja ilikuwa haijafika lira 4. Safari hii ya mwezi wa nne 2025, wiki mbili baada ya Idd, dola moja ilikuwa lira 38 hivi. Sisi tunaonunua kwa dola hatusikii sana lakini wenyewe pale wanaumia jamani, ukiwaona tu unajua.

Karibu na Laleli kuna uwanja wa Beyazıt, na pale ndo lilipo geti kubwa la Chuo Kikuu cha Istanbul. Miaka yote nimelipita naliona kama picha tu. Lilijengwa enzi za Usmania na lina maandishi ya Kiarabu, nami nimesoma madrasa Tanga kwa hiyo safari hii nikasimama nikaanza kuyafuatisha, na pembeni nikakuta ni Suratul Fat'hi, inna fatahna laka fat'han mubina. Nikafurahi kama mtoto. Chini yake sasa kulikuwa na vizuizi vya chuma na polisi wamekaa kwenye gari lao wanakunywa chai.

Nikamsimulia yule mama ninayenunua kwake. Mi namwita abla, kama wenyewe wanavyomwita dada mkubwa. Anajifunga mtandio wake vizuri sana, haijawahi kutokea nikamkuta hajajifunga. Kiingereza hana, tunaongea kwa Kiarabu cha kuunga unga na simu ya kutafsiri, ila siku hiyo binti yake alikuwepo dukani, anasoma chuo, kichwa wazi, suruali ya jinzi, Kiingereza kinatiririka. Abla akasikiliza habari ya geti, akanyamaza kidogo, akamwambia binti nitafsirie.

Akasema yeye mwaka 1998 alikuwa mwanafunzi, chuo kingine cha jiji hilohilo, mwaka wa pili. Mwaka mmoja kabla, tarehe 28 Februari 1997, wanajeshi walimbana waziri mkuu Necmettin Erbakan, ambaye chama chake kilikuwa cha kidini, mpaka mwezi wa sita akaachia madaraka bila hata kifaru kufyatua risasi. Baada ya hapo ikaja amri, mwenye ushungi haingii darasani. Pale Beyazıt waraka ulitoka Februari 1998, na ndo chanzo cha kesi ya mwanafunzi wa udaktari Leyla Şahin, akaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na mwaka 2005 akashindwa. Wasichana wakawa wananunua wigi wanavaa juu ya mtandio ili wapite getini. Abla alivaa wigi miezi mitatu. Akasema kila akijiona kwenye kioo cha basi anaona mtu mwingine, basi akaacha chuo akaja kuuza nguo na baba yake. Mwaka 1999 akamuona kwenye tv Merve Kavakçı, mbunge aliyechaguliwa na watu kabisa, anazomewa bungeni asiape kwa sababu ya mtandio.

Mi nilikuwa nalia. Maana nimekua Tanga, binti anakwenda shule na ushungi wake, rafiki yake hana, wanakaa dawati moja, na mimi nilidhani ndo dunia ilivyo.

Nilichokuwa sikielewa ni hiki. Kwetu tukisema serikali haina dini tunamaanisha serikali inakaa pembeni, msikiti ni wa waumini, shehe tunamchangia wenyewe. Tulipokwenda kusali adhuhuri Süleymaniye nikauliza hapa imamu mnamlipaje, binti akanishangaa, akasema ni mtumishi wa serikali kama mwalimu. Kuna idara inaitwa Diyanet, iliundwa 1924, mwaka uleule Ataturk, muasisi wa jamhuri yao, na bunge lake walipofuta ukhalifa, ina wafanyakazi zaidi ya laki moja na hutuba ya Ijumaa inatoka huko Ankara. Kuanzia 1932 mpaka 1950 serikali ilitaka hata adhana iadhiniwe kwa Kituruki! Kwa hiyo ile laiklik yao, yaani serikali isiyo na dini, haikuwa serikali kuiacha dini, ilikuwa serikali kuishika dini shingoni, na waliokuja baadaye hawakuachia, wameibadilisha mkono tu. Waalevi, watu wa madhehebu tofauti na Wasuni walio wengi, ambao ni mamilioni, hawana chao kwenye hiyo Diyanet, nyumba zao za ibada hazihesabiwi sawa na msikiti, na kodi wanalipa kama wengine. Hilo mimi kama Muislamu linaniuma na sioni aibu kulisema.

Abla alikipigia kura chama cha Erdoğan, rais wao, tangu 2002. Na anaeleza kwa nini bila kujificha: yule bwana alikuwa meya wa Istanbul, akahukumiwa 1998 kwa kusoma shairi jukwaani, akakaa jela miezi minne 1999, ikaonekana siasa zake zimekwisha. Mtu aliyefungiwa mlango alimuona kama ndugu yake. 2008 mahakama ya katiba ilibakiza kura moja tu ikifute chama chake. Na marufuku ya mtandio kweli ikaondoka, vyuoni taratibu, kisha maofisini 2013. Usiku wa tarehe 15 Julai 2016 wanajeshi walipojaribu kupindua, mume wake alitoka barabarani na maelfu ya wengine, watu zaidi ya 250 wakafa. Sasa mtu kama huyu ukimwambia demokrasia ya Uturuki ilianza kuharibika juzi atakuuliza we ulikuwa wapi mwaka 1998, na ana haki ya kuuliza.

Lakini 2019 kuna kitu kilimkatika. Ekrem İmamoğlu wa upinzani alishinda umeya wa Istanbul kwa kura elfu 13 hivi, uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa Juni, akashinda kwa karibu laki 8. Abla ni mmoja wa waliohama mara ya pili. Akasema mimi sikumpigia yeye, nilipigia kura yangu ya kwanza iliyotupwa. Na msidhani İmamoğlu ni mtu wa kuichukia dini, mama yake anajifunga mtandio na yeye mwenyewe alisoma Yasini msikitini Eyüp kuwarehemu Waislamu waliouawa New Zealand. Ndo maana hadithi ya "wacha Mungu dhidi ya wasio na Mungu" haitoshi kabisa kuieleza nchi ile.

Tarehe 18 Machi 2025 Chuo Kikuu cha Istanbul kikaifuta digrii ya İmamoğlu, na bila digrii huwezi kugombea urais. Kesho yake asubuhi polisi wakamkamata kwa tuhuma za rushwa, anazikana, serikali inasema mahakama ziko huru. Ilikuwa Ramadhani. Wanafunzi wakakusanyika Beyazıt, wakavunja kizuizi cha polisi wakatembea mpaka Saraçhane, kwenye jengo la meya, jengo lilelile Erdoğan alilokuwa anafanyia kazi. Binti wa abla alikuwemo. Akaniambia walifuturu chini barabarani, wa mtandio na wasio na mtandio, anayefunga na asiyefunga, wanagawana tende, halafu gesi ya machozi ikaja. Karibu watu elfu mbili walikamatwa nchi nzima na mmoja ni mwenzake wa darasani.

Nikamuuliza abla, hukuogopa kumruhusu? Akasema niliogopa mpaka tumbo likanikata, lakini ningemwambiaje akae, mimi nilikaa.

Safari yangu ya kurudi ilikuwa Ijumaa usiku, tarehe 18. Asubuhi nikaenda kufunga robota la mwisho nikakuta duka limefungwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, nikapata wasiwasi na hela yangu ilishalipwa nusu. Kijana wa duka la jirani akaja na funguo akasema abla yuko Çağlayan mahakamani, leo kesi za wanafunzi zinaanza, amefunga duka toka saa kumi na mbili asubuhi awahi foleni, na kwamba binti amebaki nyumbani mama kamkataza asionekane.

Nikafunga mzigo na yule kijana, mitandio 600, nikamwachia hela iliyobaki kwenye bahasha. Juu ya robota abla alikuwa ameniwekea mtandio mmoja wa hariri rangi ya maji ya bahari, haukuwa kwenye oda yangu.