Mzee Aliyekataa Kunichua

Mwaka niliotegua kifundo cha mguu wa kulia nilikuwa mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Msimu ulikuwa mzuri. Boti za visiwani zilikuwa zikiingia alfajiri zimejaa, nasi wanunuzi tunagombania kupanda kukagua mzigo kabla haujashushwa. Nilikuwa nashuka kwenye ubao uliolowa, mguu ukageukia ndani, uzito wangu wote ukauangukia, na upande wa nje wa kifundo nikasikia kitu kimelia ta!

Kijana mmoja wa kubeba samaki alikimbilia masanduku ya sangara, akachota barafu, akaitia kwenye mfuko wa rambo na kuniwekea mguuni juu ya kanga, isiniguse ngozi moja kwa moja. Ilinuka samaki. Nani alimfundisha hivyo sijui, lakini Mungu ambariki popote alipo.

Nyumbani, Mabatini, shangazi alikuwa ameshapata habari na sufuria ya maji ya chumvi ilikuwa jikoni inachemka. Kwa shangazi mguu ulioteguka ni wa kukandwa siku hiyohiyo, tena kwa nguvu, la sivyo damu italala ndani. Akamtuma mtoto kumwita mzee anayechua watu mtaani kwetu, mtu ambaye wabeba mizigo wa sokoni na wavuvi wote wanamjua.

Mzee alifika jioni. Akamwamkia shangazi kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akavua viatu, akakaa kwenye kigoda. Namkumbuka vidole: vifupi, vinene, kucha zimekatwa hadi nyamani. Hakuugusa mguu mbovu kwanza. Aliushika ule mzima, akaupitisha mkono taratibu kutoka kisiginoni hadi kwenye muundi, kisha ndipo akaweka kiganja juu ya ule ulioumia na kukituliza hapo bila kukisogeza. Kifundo kilikuwa kimeshavimba, ngozi inang'aa.

"Huu una moto," alisema. "Siuchui."

Shangazi akamwambia maji yako tayari.

"Mayu, ukichua mguu wenye moto unaongeza damu ndani. Mfunge kitambaa, alale ameuinua kwenye mto. Kesho apande Bugando wamwangalie mfupa. Moto ukitoka, niiteni."

Hela hakuchukua. Kazi hakuifanya, atachukuaje hela, alisema.

Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima, na kwa mtu mwenye mguu kama wangu kilima hicho ni kirefu hata ukiwa ndani ya teksi. Daktari aliyenipokea alinibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, nje na ndani, akapanda hadi sentimita kama 6, halafu sehemu mbili za unyayo, kisha akaniambia nitembee hatua 4. Nilichechemea, nikazimaliza. Akasema mfupa haukuvunjika, picha ya eksirei haina haja. Nilishangaa, maana nilidhani hospitali ni picha. Akanieleza kuwa utaratibu huo ulitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, na kutangazwa mwaka 1992, ili watu wasipigwe picha zisizo na kazi.

Kutoka hapo nikapelekwa chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, na huko ndiko nilikoelewa kilichonipata. Fizio alikuwa kijana, mpole wa sauti, akiniita dada. Aliniwekea mkono mmoja kwenye muundi, wa pili akaushika nao kisigino na kukivuta mbele kidogo. Akafanya vilevile kwa mguu mzima. Nilipomuuliza kwa nini anahangaika na mguu usiouma, akajibu kwamba huo ndio unaomwambia mimi nilivyoumbwa. Nikamkumbuka yule mzee.

Akanionyesha kwa kidole: mfupa wa nje wa kifundo unashuka chini kuliko wa ndani, kwa hiyo unyayo ukiteleza unageukia ndani kwa urahisi, na kinachovutika ni ligamenti za nje, zile kano zinazoshikanisha mfupa na mfupa. Ile ya mbele ndiyo dhaifu, ndiyo hutangulia kuchanika. Yangu ilikuwa imechanika nusu. Hakunifunga plasta. Alinifunga bendeji akianzia vidoleni kupanda juu, akikaza zaidi chini, akaniambia nianze kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Hilo la kukanyaga liliniogopesha kuliko yote. Kwetu mgonjwa hulazwa akapikiwa uji. Fizio alinieleza kwa subira kwamba mwili unapoziba palipochanika unaweka nyuzi mpya ovyo ovyo, na nyuzi hizo hujipanga zikivutwa kidogo kidogo kuelekea upande wa kazi yake. Mguu uliolala tu unapona na kovu lisilojua kazi. Tena kujipanga huko huendelea miezi mingi, hata mwaka, wakati mwenye mguu ameshasahau kwamba aliwahi kuumia.

Uvimbe uliposhuka ndipo akaanza kunichua. Si kuchua nilikokuzoea, kwa mafuta na viganja vinavyoteleza. Aliweka kidole kimoja palepale penye kidonda cha ndani, akasugua kwa kukatisha nyuzi badala ya kuzifuata, ngozi na kidole vikienda pamoja. Mwanzoni nilikaza meno. Baadaye pakafa ganzi, na hapohapo akaniamuru nisimame. Mtindo huo ulienezwa na daktari Mwingereza, James Cyriax, wa hospitali ya St Thomas' ya London. Kijana wangu aliuheshimu lakini hakuutukuza. "Mimi nakupunguzia maumivu, dada, upate nafasi ya kufanya kazi. Kazi ni yako."

Na kazi ilikuwepo. Kusimama kwa mguu mmoja, kwanza nimeshika ukuta, kisha bila ukuta, kisha nimefumba macho. Hapo la kufumba macho niliyumba kama mti unaokatwa, na yeye akafurahi, maana ndicho alichokitafuta: ligamenti ndiyo inayouambia ubongo unyayo umekaaje, na ikichanika zile taarifa zinachelewa. Watu wengi wanaotegukateguka mguu uleule kila mwaka wamepona maumivu tu, hiyo kazi ya pili hawakuifanya. Alinipa pia kipande cha tyubu ya baiskeli nikifunge kwenye mguu wa kitanda na kuvuta unyayo kwenda nje. Niliuliza kama naweza kutembea ndani ya maji ziwani, nimesikia maji yanapunguza uzito. Kweli yanapunguza, alisema, lakini ufukweni kwetu kuna kichocho. Bora ngazi za mawe za Mabatini, nipande polepole na kushuka polepole zaidi.

Shangazi ndiye aliyekuwa askari wa mazoezi hayo. Alikaa mlangoni anachambua mchele, nikishusha mguu mapema ananiambia nirudie.

Moto ulipotoka kabisa tulimwita yule mzee kama alivyoagiza. Alipapasa, akafika palepale, mbele kidogo ya mfupa wa nje, akasema, "Hapa pana fundo." Hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Nikamweleza jinsi fizio alivyosugua kwa kukatisha. Aliniuliza kidole kipi, ngozi inateleza au haitelezi, kwa muda gani. Akajaribu mara kadhaa, mimi nikimwelekeza, hadi nikamwambia ndivyo. Kisha akataka kujua kile chumba cha Bugando kinafunguliwa siku zipi, na mtu anaanzia dirisha gani, kwa sababu alikuwa na mvuvi wa Igombe ambaye bega lake lilishindwa kuinuka na yeye alikuwa amelichua mpaka akaona mikono yake imefika mwisho.